Nimeangalia, nimelia, sasa naandikaje?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na kitu kilekile: watu wameangalia muvi, wamesoma riwaya, wameenda kwenye tamasha, wakirudi nyumbani wanataka kuandika walichokiona na mkono unagoma. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu inanigusa sana, mtanisamehe.

Dada mhariri shikamoo. Mimi riwaya ya Vuta N'kuvute niliisoma kidato cha tano na sita, tuliichambua mpaka tukaichoka, dhamira, migogoro, falsafa ya mwandishi, na nikafaulu vizuri tu. Juzi ndo nimeiona muvi yake nikalia kabisa, sasa nimekaa na daftari langu niandike nilichokihisi najikuta naandika "mwandishi amefanikiwa kwa kiasi kikubwa kuonesha", yaani kama nipo chumba cha mtihani. Halafu mambo mengi ya kitabuni kwenye muvi hayapo, niyaseme au niyaache?
*Msomaji, Mwanza*

Marahaba mdogo wangu. Hiyo sentensi wengi wetu tunatembea nayo, tuliifundishwa na ilitufaa, maana mtihani unataka jibu ambalo mwalimu anaweza kulisahihisha. Dhamira ya ukombozi ni ileile kwako na kwa yule aliyekaa dawati la pili, na ndo maana hata ukiipanga vizuri namna gani haitasema kitu juu yako. Lakini wewe ulilia. Ulilia wapi? Mimi ningeanzia hapohapo, usianze na mwandishi ni nani wala hadithi inahusu nini, anza na ile sehemu iliyokutoa machozi, nani alikuwa anaonekana, nani alikuwa kanyamaza, mwanga ulikuwaje, kulikuwa na muziki au hakukuwa na kitu. Ukishaandika hivyo vitu kama ulivyoviona, bila kuvipa jina la dhamira, utashangaa mkono unavyokwenda wenyewe.

Kuhusu vilivyokosekana, hebu tuangalie kilichotokea. Riwaya ya Adam Shafi imetoka 1999 na ina nafasi kubwa, inamfuata Yasmin toka anaozeshwa mzee Raza akiwa bado binti mdogo, inakwenda naye mpaka anapokelewa na Mwajuma kule Ng'ambo, upande wa mji wa Zanzibar ulio nje ya Mji Mkongwe, halafu kuna Denge na wenzake na harakati zao za kumpinga mkoloni, kuna Inspekta Wright na Koplo Matata wanaomwinda Denge, yote hayo yanapumua kwa sababu kurasa zipo. Filamu ya Amil Shivji ya 2021 ina kama saa moja na nusu tu. Muda huo hautoshi kubeba watu wote na safari zao zote, kwa hiyo mtengeneza filamu kachagua, kashikilia zaidi mapenzi ya Denge na Yasmin na ile Zanzibar ya miaka ya 1950 kama jicho linavyoiona. Ukiandika orodha ya vilivyokatwa msomaji wako ataishia kujua kwamba kitabu ni kirefu kuliko muvi, na hilo alikuwa analijua. Swali lenye utamu ni hili, pale palipokatwa waliweka nini?

Mfano Mwajuma. Kitabuni tunaambiwa anaimba, na sauti yake kila msomaji anajitungia kichwani, ya kwako sio ya kwangu. Kwenye filamu kacheza Siti Amina, ambaye ni mwimbaji kweli, wa taarab na muziki wa Zanzibar, kwa hiyo ghafla Mwajuma kapata koo la mtu aliye hai. Sasa niambie wewe uliyemsoma ukiwa shule, yule Mwajuma wa kichwani kwako amebaki au kafutika? Ulifurahi au ulihisi umenyang'anywa kitu? Hilo hakuna kitabu cha mwongozo kinachoweza kukujibia, na mimi ningelipa hela kusoma aya yako hiyo. Kwangu mimi kilichonikaa ni rangi na vile vyumba vyenye mwanga kidogo, nilikuwa naona namna watu wanavyojificha hata kabla hawajasema neno, na niliporudi kwenye riwaya nikaanza kusoma polepole zaidi sehemu za usiku, kitu ambacho sikuwahi kukifanya.

Na kitu kingine, usitishike kwamba filamu ilioneshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto, Canada, na wataalamu wa huko wakaiandika. Wao waliiona kupitia maandishi ya tafsiri chini ya skrini. Wewe unakijua kile Kiswahili cha Adam Shafi, ulishakisoma kwa sauti darasani, unajua pale mtu anapoongea kwa mafumbo na pale anapotukana kwa upole. Unayo mali hiyo, itumie. Ukimaliza kuandika ya kwako ndo ukasome ya wengine, sio kabla, ukisoma kabla utajikuta unakubaliana nao kwa maneno yao na machozi yako yamepotea njiani.

Habari dada. Bibi yangu anapenda sana rekodi za zamani za Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, akisikiliza anafumba macho. Mimi nasikia mikwaruzo tu, maneno nusu siyapati, na ukweli sihisi kitu. Naweka kumbukumbu ya miziki ninayosikiliza, nikiandika kwamba hii haikunigusa si nitaonekana sijui sanaa?
*Mjukuu, Tanga*

Nzuri mwanangu, mpe bibi salamu zangu. Andika kwamba haikukugusa, ni kweli yako. Ila usiishie hapo, jiulize kwa nini, maana hapo ndo kuna kitu.

Siti na wenzake walisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi, na santuri za enzi zile upande mmoja ulibeba kama dakika tatu hivi basi. Sasa fikiria taarab ilivyo, ubeti unarudiwa, mtu anainuka kutuza, mwimbaji anaurudisha tena kwa sababu umemfika mtu, watu wanaangaliana, wanajua unamlenga nani. Vyote hivyo havikuingia kwenye dakika tatu. Unachosikia wewe ni kipande kilichokatwa kuenea kwenye sahani, tena kwa mitambo ya karibu miaka mia iliyopita, na wala sio kosa la masikio yako.

Bibi anapofumba macho nadhani anajazia kilichokosekana. Kwa hiyo mwombe akutajie maneno, kaa naye, simamisha rekodi kila ubeti, aseme kisha uandike. Nyimbo zake nyingi zilikuwa zinabeba mambo ya mji ule hasa, kama ule wimbo wa Kijiti uliohusu mwanamke aliyeuliwa na muuaji akatoroka, watu walikuwa wanaisikia kesi kwenye wimbo, na anayeimba ni mwanamke wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, anaimba kwa Kiswahili wakati taarab ya ikulu ya sultani ilikuwa ya Kiarabu. Ukishajua hivyo ile mikwaruzo inakuwa kitu kingine kabisa. Shaaban Robert kaandika wasifu wa Siti, kitabu chembamba, utakimaliza haraka.

Halafu nenda kasikilize taarab ya jukwaani yenye ala za nyuzi kama udi na kanuni na fidla mbele ya macho yako. Ukipata nafasi ya kuvuka, tamasha la muziki la Sauti za Busara lipo Zanzibar toka 2004, kawaida mwezi wa pili, na vikundi vya taarab huwa vinapanda pale pamoja na bendi za nchi nyingine. Usimwangalie mwimbaji peke yake, angalia na anayeinuka kwenda kutuza, anainuka kwenye neno gani, anarudi kukaa na uso gani. Andika hilo. Na baadaye ukiirudia ile rekodi ya bibi na bado huhisi kitu, basi andika tena kwamba huhisi, sasa hivi utakuwa unajua unachokizungumzia.

Dada, nilienda tamasha la Bagamoyo pale TaSUBa, chuo cha sanaa, kikundi cha mtaani kwetu kilipewa nafasi, rafiki yangu wa karibu yumo. Ngoma walipiga vizuri lakini igizo lilikuwa bovu, na onesho zima nimelirekodi kwa simu. Kila mtu kaandika "mmeupiga mwingi". Mimi nikae kimya?
*Msomaji, Bagamoyo*

Usikae kimya, ila neno "bovu" liache maana halimsaidii mtu. Ulikaa wapi? Kama ulikuwa safu ya nyuma na mazungumzo hukuyasikia, sema hivyo, kuanzia katikati kwenda nyuma maneno hayakufika. Kama tukio la mwisho walilirefusha wakati hadithi ilishaisha, taja ni pale nani alipoingia na ungetamani waishie wapi. Mwigizaji anaweza kulifanyia kazi hilo wiki ijayo mazoezini, hizo sifa za jumla jumla hawezi, na kikundi cha mtaani mara nyingi hakina mtu wa kuwaambia, wanapigiwa makofi na ndugu zao basi imeisha. Mimi naona kuwasifia tu ni kutowachukulia kama wasanii.

Ngoma nayo usiipitie kwa neno moja eti kwa sababu ilikuwa nzuri, nani aliongoza, mpigo ulibadilika wapi, wachezaji walipokeaje, vitu vizuri navyo vinahitaji ushahidi. Rafiki yako mpigie simu kabla hujakirusha ulichoandika, sio kuomba ruhusa, ni ili asije kukutana nacho kwenye simu ya mtu mwingine.

Na umesema ulirekodi onesho zima kwa simu. Mwombe rafiki yako mkae muitazame ile video pamoja, umsikilize na yeye anasema nini kuhusu tukio la mwisho, inawezekana kabisa wenyewe walibishana sana mazoezini na wenye mawazo kama yako wakashindwa kura.