Kabla ya Kushangilia Koloni, Jaribu Chambo Peke Yake

Juma lililopita mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniandikia kwa furaha kwamba sahani zake za hamira zisizo na histidini, kirutubisho ambacho hamira hiyo haiwezi kuota bila yake, zimejaa koloni (vishada vya hamira), na kwamba protini yake, yaani chambo, inashikana na karibu kila windo, yaani protini ya pili, aliloipa. Nilimuuliza swali moja tu: je, umewahi kuotesha hamira yenye chambo pamoja na plasimidi tupu, yaani duara dogo la DNA lisilobeba windo? Hakunijibu siku ile, na ukimya huo niliuelewa, kwa kuwa nami niliwahi kuulizwa hivyo nikakosa la kusema.

Mbinu hii ya mseto wa protini mbili, iliyotangazwa na Stanley Fields na Ok-kyu Song mwaka 1989, imejengwa juu ya hila nzuri. Protini ya Gal4 ya hamira ina sehemu inayoshika DNA na sehemu inayowasha jeni, nazo zinaweza kutenganishwa. Ya kwanza huunganishwa na chambo, ya pili na windo. Chambo na windo vikishikana ndani ya kiini, jeni ya HIS3, inayoiwezesha hamira kujitengenezea histidini, huwaka, na hamira iliyopaswa kufa kwa kukosa histidini huota.

Chambo changu kilikuwa protini ya mhogo inayodhibiti jeni, na hapo ndipo ulipokuwa mtego, kwani protini za aina hiyo mara nyingi hubeba sehemu yake yenyewe ya kuwasha jeni na hazihitaji windo lolote. Mimi sikulifikiria hilo. Kwa miezi mitano nilichota koloni kwa vijiti vya meno, nikalipia usomaji wa DNA kwa fedha ya ufadhili wangu, na nilipopata protini za ribosomu na za mshtuko wa joto, ambazo kila mzoefu huzitilia shaka kuwa ni majibu ya uongo, nilizitungia maelezo ya kupendeza. Siku ya kuwasilisha, fundi wa maabara, mtu asiye na shahada hata moja, aliuliza kwa upole, "Sahani ya plasimidi tupu iko wapi?" Msimamizi wangu alizima projekta. Hadi leo naisikia sauti ya ile swichi.

Niliitengeneza sahani hiyo jioni ileile. Siku ya nne, kwa nyuzi joto 30, koloni zilikuwa kubwa kama punje za ulezi, wala hapakuwa na windo lolote.

Ndugu zangu, najua sote tunataka jina kwenye jarida, lakini chambo kijaribiwe kwanza, tena kwanza kabisa. Kikijiwasha kidogo, ongeza 3-AT, kemikali ambayo hukizuia kimeng'enya cha HIS3, hadi koloni za bure zikome, lakini usizidishe, kwani utaua pia miungano dhaifu ya kweli. Changu kilishinda hata milimolari 60 (kipimo cha ukolezi) za 3-AT, nikalazimika kukikata kipande kinachowasha. Baada ya hapo nilibaki na mawindo manne, na moja tu, ambalo najivunia, lilithibitika kwa kingamwili nje ya hamira.

Jana mwanafunzi yule alinitumia picha ya sahani ya plasimidi tupu, siku ya tatu, imejaa pomoni. Nimemwambia aanze na milimolari 2.5, apande taratibu, na zile sahani nyingine asimwonyeshe msimamizi wake bado.