Kila poti ina mwenyewe

SWALI: Fundi, nimeandika netstat -ano, amri ya Windows inayoorodhesha miunganisho ya kompyuta, nikaletewa mistari themanini na zaidi. Nimeingiliwa?

JIBU: Mistari mingi hapo haikuhusu. Iliyoandikwa ESTABLISHED ni mazungumzo yanayoendelea, na mengi umeyaanzisha mwenyewe ulipofungua kivinjari. TIME_WAIT ni yaliyokwisha, yanangoja kufutwa. Shika ya LISTENING: hapo kuna programu iliyokaa ikisubiri kupigiwa hodi. Kisha soma anwani iliyotangulia namba ya poti, yaani mlango ambao programu husikilizia. Ikiwa 127.0.0.1, programu inasema na kompyuta hiyohiyo tu, wa nje haifikii. Ikiwa 0.0.0.0 au [::], inampokea yeyote atakayefika. Mistari ya UDP (njia ya pili ya kutuma data kando ya TCP) haina neno LISTENING, kwa hiyo isome kwa anwani tu. Namba ya mwisho kulia ni ya programu yenyewe. Itafute kwenye Task Manager upate jina. Bila jina hilo hujajua kitu.

SWALI: Naomba orodha ya poti zote za kufunga.

JIBU: Haipo. Naulizwa hili kila mara na jibu halijabadilika. TCP ina poti 65,535, UDP vilevile, na karibu zote kwako zimeshafungwa kwa kuwa hakuna programu inayozisikiliza. Leteni majina ya programu, tutasemezana.

SWALI: Faiawoli yangu, ngome inayochuja mawasiliano, imewashwa. Nihangaike na poti za nini?

JIBU: Kwa sababu faiawoli huziba njia tu, na anayesubiri ndani yuko palepale. Siku utakapoizima kidogo ili mchezo fulani ukubali, atapatikana. Tena wengi mnaitoboa wenyewe: dirisha linatokea kuuliza kama programu iruhusiwe, mkono unabonyeza kukubali kabla macho hayajasoma jina. Poti hufungwa kwa kuzima programu iliyoifungua, au kuiondoa kabisa kama huitumii. Juzi nilikaa na jamaa yangu mbele ya kompyuta yake. Programu ya kurushia muziki kwenye spika, ambayo alishasahau kama anayo, ilikuwa inaamka kila anapowasha mashine na kusikiliza kwenye 0.0.0.0. Tukaiondoa, tukarudia netstat, mstari haupo. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, mstari kwa mstari. Faiawoli ibaki imewashwa hata hivyo, na kwenye Wi-Fi ya watu iambie Windows kuwa ni mtandao wa umma (Public).

SWALI: Poti 445, ya kushirikiana mafaili, inasikiliza, namba ya programu ni 4. Sishirikiani mafaili na mtu. Niizime?

JIBU: Izime. Namba 4 ni Windows yenyewe, usihangaike kuiua kwenye Task Manager. Fungua orodha ya huduma (Services), tafuta inayoitwa Server, iweke Disabled, kisha washa kompyuta upya. Kama kuna mtu nyumbani anayechapa au kufungua folda kupitia mashine yako, atakatika, kwa hiyo uliza kwanza.

Na 445 msiichukulie kirahisi. Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilisambaa kwa poti hiyo ikafunga mafaili duniani kote, hospitali za Uingereza zikiwemo, ilhali sasisho la kuziba tundu lile lilikuwa limetoka tangu Machi. Miezi miwili dawa ilikuwapo! Inaniuma mtu akiniuliza poti huku masasisho yake yana miezi sita hayajawekwa.

Poti 135 ni kesi nyingine. Windows inaitegemea, usijaribu kuizima, ibaki nyuma ya faiawoli. Agosti 2003 programu hasidi ya Blaster ilipita humo, na watu wakawa wanatazama kompyuta ikihesabu sekunde 60 kisha inajizima na kuwaka upya.

SWALI: Niko nyuma ya ruta. Wa nje ananionaje?

JIBU: Kwa IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, ruta hukusitiri, sikatai. Lakini UPnP, kipengele cha ruta, huiruhusu programu yoyote ya ndani iombe njia ya kutokea nje hadi kwako, na ruta hutii bila kukuuliza. Ingia kwenye ruta uizime. IPv6, mfumo mpya wa anwani, nayo haina stara hiyo, hutegemea faiawoli peke yake. Halafu adui anaweza kuwa ndani tayari: mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta mamia ya maelfu kupitia Telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa ukiwa mbali, poti 23, kwa nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadilisha. Kamera iliyotekwa ukutani kwako haihitaji kuvuka ruta ili iifikie kompyuta yako.

SWALI: Linux haina mambo haya, sivyo?

JIBU: Inayo. Andika sudo ss -tulpn, mwenza wa netstat wa huko. Ukikuta 22 na hujawahi kuingia kwenye mashine hiyo ukiwa mbali, zima SSH, huduma ya kuingia ukiwa mbali, leo.

SWALI: Kuna programu ya bure inayofunga poti zote kwa kubonyeza mara moja. Niipakue?

JIBU: Usipakue. Unampa mgeni mamlaka yote ya mashine ili akulinde na wageni. Na akikupigia mtu simu akidai ni fundi aliyeona poti zako ziko wazi, kata simu.

SWALI: Nikizuia 80 na 443 nitakuwa salama zaidi?

JIBU: Utajikatia intaneti. Hizo ni poti za tovuti unazozitembelea, ziko kwao. Ila ukiikuta 443 iko LISTENING kwenye mashine yako mwenyewe, kuna seva inaendeshwa humo. Chukua namba iliyo kulia, kamtafute mwenyewe.