Usonji na kinga ya mwili ya mtoto

Dada, umeuliza kama usonji maana yake kinga ya mwanao ni dhaifu, na kama umsitishie chanjo. Yote mawili, hapana. Kilichoonekana kwa baadhi ya watoto, si wote, ni kinga inayofanya kazi kwa namna tofauti: damuni mwao saitokini fulani huwa juu, yaani zile protini ambazo seli za kinga hutumia kuambiana zipambane au zitulie. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichunguza ubongo wa marehemu waliokuwa na usonji, wakakuta mikroglia, seli walinzi wa ubongo, zimeamka kama ziko vitani. Hilo halithibitishi kuwa kinga ndiyo chanzo.

Chanjo mpe zote. Utafiti wa Denmark wa 2019, wa watoto zaidi ya 650,000, haukuona uhusiano kati ya usonji na chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela.

Ninachokusihi: mtoto asiyeweza kusema "naumwa" husema kwa mwili. Akianza ghafla kujipiga sikioni au kukataa chakula, mpeleke akaguliwe masikio, meno na tumbo kabla mtu hajakwambia "ni usonji tu."