Mume wangu haonekani tena barazani

SWALI: Shangazi, shikamoo. Tangu tujaaliwe mtoto, mwezi wa nne sasa, mume wangu haendi tena kucheza bao. Akitoka kazini ananawa, anamlaza mtoto kifuani mpaka asinzie. Wenzake wanasema nimemkalia. Au anaumwa?
– Mama Kichanga, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Haumwi, na usithubutu kumpeleka kwa mganga. Mwanamume anayelea, testosteroni yake, yaani homoni ya kiume, mara nyingi hushuka. Mwaka 2009 watafiti walichapisha vipimo vya mate ya wanaume wa hapa hapa Tanzania. Kwa Wahadzabe, ambao baba hubeba na kucheza na watoto, wenye watoto walikuwa na testosteroni ndogo kuliko wasio nao. Kwa majirani zao Wadatoga, ambako kichanga ni kazi ya mama, tofauti hiyo haikuonekana. Kwa hiyo si kuzaa tu, ni kubeba.

Wewe nawe unaponyonyesha, homoni iitwayo oksitosini ndiyo inayosukuma maziwa, na husaidia kukutuliza.

Ila tusiisingizie homoni kila kitu. Huenda huko kwenye bao alikuwa akifungwa kila jioni.