Barua kwa mwanangu: Magdalena anayetubu na uzuri wake

Mwanangu mpendwa,

Meseji yako nimeisoma mara mbili. Unasema umeingia Galleria Doria Pamphilj, jumba la picha hapo Roma, umemkuta Maria Magdalena wa mchoraji Caravaggio, halafu ukatafuta kwenye simu yule wa mchoraji Titian ambaye manywele yote yale na kifua kiko wazi, ukaniuliza, mama, hivi hawa walikuwa wanachora toba au wanatafuta kisingizio cha kuchora mwanamke?

Kisingizio kilikuwepo, sikufichi. Yule Titian wa miaka ya 1530 kautanguliza mwili, machozi yakafuata nyuma, na Desemba 1563 Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, unafungwa ukasema wazi kabisa picha takatifu zisichorwe kwa uzuri wa kuamsha tamaa. Lakini Mtaguso huohuo ulikuwa unatetea kitubio ambacho Waprotestanti walishakikataa kama sakramenti, kwa hiyo Kanisa likawa linataka watakatifu wanaolia, Petro analia, Magdalena analia, ndo maana unawakuta kila kona huko.

Halafu kuna hili la nywele. Injili haisemi kwamba yule mwanamke mwenye dhambi wa Luka 7, aliyefuta miguu ya Yesu kwa nywele zake, ndiye Magdalena, ni Papa Gregori Mkuu aliyewaunganisha kwenye mahubiri yake mwaka 591, na kalenda ya Kanisa ya 1969 ikaja kuwatenganisha. Ila wachoraji walimpokea huyo wa Gregori, na Gregori alifundisha kwamba vilevile alivyotumia kwenye dhambi ndivyo alivyomtolea Bwana, macho yakalia, nywele alizojipambia zikafuta miguu. Sasa mchoraji atamnyimaje nywele zake, mwanangu?

Huyo wa Caravaggio naomba urudi umwangalie taratibu. Kwanza kavaa, sketi nzito ya maua na blauzi nyeupe, kakaa kwenye kiti kifupi, shingo imelala, mikono kaipakata utadhani ana mtoto. Sogea usoni. Kuna chozi moja pembeni ya pua, dogo mno, wengi wanapita hawalioni. Sakafuni kuna mkufu, lulu zilizokatika uzi, na chupa ya marhamu. Bellori, mwandishi wa maisha ya wachoraji, aliandika mwaka 1672 kwamba jamaa alichora tu msichana anayekausha nywele, akaongeza chupa na vito akasema huyu ndo Magdalena. Mi hapo ndo napapenda, manake ni msichana wa kawaida kabisa, mrembo, na lile chozi ni la kweli.

Bibi yako wakati wa Kwaresima, akishatoka kitubio alikuwa anakaa benchi la nyuma, anavua hereni moja moja, anazifunga kwenye pindo la kanga, ananyamaza. Nilikuwa mdogo, namwangalia tu. Sijawahi kumwona mzuri kama siku zile, na nilipoikuta picha hiyo kitabuni miaka mingi baadaye nilimwona yeye.

Mama yako