Maswali kwa fundi: Pikipiki ya kwanza, nichukue yenye feringi au ya kawaida?

SWALI: Shikamoo fundi. Nakaa Kibaha, kazini kwangu ni Kariakoo na daladala zimenichosha. Pikipiki sijawahi kuendesha zaidi ya kuzunguka uwanja wa mpira na Boxer ya binamu yangu. Nina milioni tatu na nusu na nimepata mbili, ya kwanza ni Boxer 150, ya pili ni sport ya cc 150 iliyotumika, ina feringi yote, yani imefunikwa na maplastiki kuanzia kwenye taa mpaka chini ya injini, ni kali balaa. Binamu anasema feringi sio ya mtu anayejifunza. Muuzaji anasema feringi inakata upepo, pikipiki inakuwa nyepesi na mafuta inakunywa kidogo. Nani mkweli hapo? Na nikichukua Boxer naweza kuifungia feringi baadae?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wote wawili wamesema kweli nusu nusu, ila muuzaji kakuuzia ile nusu ambayo wewe huna pa kuitumia.

Tuanze na huo upepo maana ndo kazi yenyewe ya feringi, mengine yote ni urembo. Upepo una tabia moja mbaya, haupandi sawa na speed. Ukitoka 40 ukaenda 80 speed imekuwa mara mbili lakini upepo unakusukuma mara nne, na nguvu ambayo injini inatakiwa itoe ili iushinde inafika mara nane. Ndo maana Boxer yenye nguvu za farasi 12 ukiivuta ikakaribia mwisho wake unaona imegoma kabisa, unazungusha mkono mpaka mwisho na mshale haupandi, wenyewe wanasema imechoka, wala haijachoka, imekutana na ukuta wa hewa na huo ukuta mkubwa ni wewe mwenyewe, kifua chako na mabega na koti linalopepea. Feringi inaupasua huo ukuta kabla haujakufikia. Hiyo ni kweli na muuzaji hajakudanganya.

Sasa niambie wewe, kutoka Kibaha mpaka Kariakoo asubuhi hiyo 80 utaipatia wapi? Ukitoka Maili Moja unaweza ukanyoosha kidogo, ukifika Mbezi ushaanza kubanana na magari, Kimara, Ubungo, Magomeni huko ni mguu chini mguu juu, na kwenye makazi ya watu sheria ni 50. Kwenye 40 au 50 feringi ni pambo. Mafuta ya mtu wa foleni hayaliwi na upepo, yanaliwa na kusimama na kuondoka, na klachi ya kushikilia nusu, na cheni kavu, na taili yenye upepo mdogo. Pima upepo wa taili kila wiki utaokoa mafuta kuliko hayo maplastiki.

Kuna pikipiki feringi imezistahili. BMW mwaka 1976 walitoa R100RS, feringi yake ilifanyiwa kazi kwenye handaki la upepo, yani chumba cha kupulizia chombo hewa uone kinavyoipasua, la Pininfarina, wachoraji wa magari kule Italia, na ile ni mashine ya cc 980 ya mtu anayekula kilomita mia kadhaa kwa siku kwenye barabara kuu za Ulaya. Pale kila kipande cha plastiki kina sababu. Hizi za cc 150 zetu nyingi zimechukua sura tu, ziko mbali sana na hiyo kazi.

Haya tuje kwa binamu. Watu wanadhani anayejifunza anaanguka akiwa kwenye mwendo, hapana bana, anayejifunza anaangukia kwenye speed ya kilomita tano kwa saa. Anageuza getini, anashika breki ya mbele usukani ukiwa umekunjwa, pikipiki inalala. Au amesimama kwenye kokoto mguu ukateleza. Au kasahau kuteremsha stendi, hiyo hata mimi ilinikuta na nilikuwa fundi tayari, mbele ya mteja. Boxer ikilala hivyo inapokewa na bampa na mwisho wa usukani, unainyanyua, unakuta leva ya klachi imepinda na kioo cha pembeni kimelegea, labda na indiketa imekatika shingo, vitu ambavyo duka lolote la spea vipo, hata Mlandizi, na kesho yake uko kazini.

Yenye feringi ikilala kitu cha kwanza kugusa chini ni plastiki. Kuna kijana aliniletea ya kwake, alikuwa nayo wiki ya pili, imelala ikiwa imesimama kabisa, hata gia hajaweka. Kwa mbali ilikuwa kama mzima, mchubuko mdogo tu ubavuni. Nilipoifungua ndo nikaona, masikio matatu yamekatika, namaanisha vile vishikizo vidogo vya plastiki ambavyo bolti inapita, na kimoja kilipokatika kimeondoka na ufa mrefu mpaka kwenye sehemu ya taa. Tuliunganisha kwa kuchomelea, unachukua kipande cha wavu mwembamba wa chuma unakizamisha kwenye plastiki kwa pasi ya solda, moshi ule unanuka vibaya na macho yanawasha, nilikaa nayo mchana mzima kwa kitu ambacho kwenye Boxer kisingekuwepo. Na baada ya hapo ikawa inalia. Kila akipita tuta krrrr, akipita shimo krrrr, maana ukishakatika sikio moja plastiki haikai tena kama ilivyotoka kiwandani, inatetemeka, na mtetemo unakata sikio linalofuata. Kuagiza mpya alipopiga hesabu akaacha.

Hilo la kuanguka angalau linaonekana. Linaloniumiza mimi kama fundi ni jingine. Pikipiki ya wazi inakwambia ikiumwa. Oili ikivuja unaiona kwenye injini wakati unapiga mswaki asubuhi, waya umechunika unauona, bolti imelegea unaiona. Ikishavishwa nguo mpaka chini huoni kitu. Nimeshafungua feringi ya chini nikakuta oili imetuama mle kama supu kwenye bakuli, imechanganyika na vumbi na majani, mwenye pikipiki anaapa haijawahi kuvuja kwa sababu pale anapopaki sakafu ni safi. Ni safi ndio, bakuli lilikuwa linakinga! Nilipopima oili kwenye injini kijiti kilitoka kikavu. Kuangalia plagi tu, kazi ambayo kwenye Boxer ni ya dakika tano na spana moja, huku inabidi ufungue bolti moja moja uzipange kwenye kitambaa kwa mpangilio maana urefu haulingani, ukiweka ndefu pasipo pake inaenda kutoboa kitu. Na fundi wa barabarani akiona kazi hiyo atafanya nini? Anakwambia plagi nzima hiyo boss, endesha.

Kwaiyo binamu kashinda? Ngoja, na yeye kachanganya kitu. Kinachomtesa anayejifunza kwenye sport mara nyingi ni mkao, plastiki inasingiziwa tu. Usukani uko chini, vikanyagio vimerudi nyuma, unalala kifuani kwenye tanki, uzito wote uko kwenye viganja, na usukani haukunji sana, kwaiyo kugeuza kwenye uchochoro unaenda mbele unarudi nyuma kama lori. Feringi na mkao huo huwa vinakuja pamoja ndo maana watu wanaviona ni kitu kimoja. Lakini sio lazima. Suzuki India wana Gixxer ya cc 155 waliyoitoa 2014, haina feringi, mwaka uliofuata wakatoa Gixxer SF, injini ile ile na fremu ile ile, wakaivisha feringi yote huku usukani wakiuacha juu vizuri tu, uzito ulipanda kama kilo nne hivi. Ukimpandisha mwanafunzi kwenye hizo mbili hataona tofauti ya maana uwanjani, anakaa wima zote. Pikipiki ya namna hiyo nisingekukataza. Kwaiyo swali la kujiuliza kwenye hiyo ya muuzaji ni je, ukiikalia mgongo uko wima na miguu yote miwili inafika chini bila kunyanyua visigino? Na je, ukikunja usukani mpaka mwisho vidole gumba havigusi tanki wala plastiki? Hapo ndo utajua kama ni ya kujifunzia au ni ya kupigia picha.

Kuna na upepo wa ubavuni. Feringi ni kama tanga, upepo wa mbele inaukata ila wa pembeni inaukamata. Zamani pikipiki za mashindano zilivishwa feringi ya kufunika mpaka gurudumu la mbele, FIM, shirikisho la dunia la michezo ya pikipiki, wakaja kuzikataza, kuanzia msimu wa 1958 hazikuruhusiwa tena, na sababu kubwa ilikuwa upepo wa pembeni unazipeleka hovyo. Hizi za siku hizi hazijafunikwa hivyo na kwenye upepo wa kawaida hutahangaika, ila ile siku basi la mkoani linakupita kwa kasi, kwanza linakusukuma nje halafu likishapita linakuvuta ndani, na mgeni wa pikipiki akishtuka anakaza mikono, akikaza mikono ndo anaiyumbisha mwenyewe. Kwenye ya wazi utalisikia hilo pia, kwenye yenye feringi utalisikia zaidi.

La kufunga feringi kwenye Boxer baadae, usifanye, naomba sana. Boxer inapozwa na hewa. Yale mapezi ya kwenye silinda yanataka upepo upite katikati yake, mhandisi aliyeichora alihesabu kwamba mbele ya injini hakuna kitu. Ukiziba na plastiki ya kununua mtandaoni iliyochongwa kwa ajili ya pikipiki nyingine, joto linabaki pale pale, na foleni ya Kimara saa mbili asubuhi hakuna upepo hata kidogo, utaipika injini na magoti yako pamoja. Halafu hizo feringi za kufunga mtaani wengi wanazishikiza kwenye usukani wakati feringi ya kweli inashikwa na fremu, sasa ukiweka kitu kizito kipana kwenye usukani upepo unakuwa unakuendeshea wewe, ukifika 70 usukani unaanza kucheza kushoto kulia wenyewe. Nimezifungua nyingi kuliko nilizofunga.

Kama shida yako ni upepo wa kifuani, funga kioo kidogo cha mbele kile cha juu ya taa, kisizidi urefu wa kidevu chako ukiwa umekaa, maana unatakiwa utazame juu yake na sio kupitia kwake, kikishachubuka usiku taa za magari zinakupofua. Wenzetu wa bodaboda Kenya wanaweka kioo kikubwa na mwavuli juu kabisa, kwa mvua na jua na mwendo wa mtaani sawa, ila usije ukakimbia nacho kwenye barabara kubwa. Au fanya kama jamaa wa Njombe kwenye baridi, koti linavaliwa kinyumenyume, zipu mgongoni, hamna hewa inayopenya kifuani. Unacheka lakini inafanya kazi na ni bure. Pesa iliyobaki nunua helmeti nzuri yenye kioo, hiyo ndo feringi ya kwanza ya mtu.

Ningekuwa mimi ningechukua Boxer, nijifunze nayo mwaka mzima niilalishe mara mbili tatu bila kulia, halafu niiuze, Boxer haikai sokoni, ndo nitafute yenye feringi nikiwa najua ninachokitaka. Ungekuwa unaniambia kila wiki unaenda Chalinze au Morogoro ningejibu tofauti, pale masaa mawili ya upepo kifuani yanachosha kweli na feringi ina maana yake.

Ila najua moyo wako uko wapi, ulivyoandika "kali balaa" nimeshakuelewa. Basi kama lazima uende kuiangalia nenda asubuhi kabla hajaiwasha, gusa injini kama ni ya baridi, ikiwa ya moto ujue kashaipasha ili usisikie inavyowaka. Igonge plastiki kwa kidole upande wa kushoto na wa kulia, kisha itikise, upande unaolia ndo iliolalia. Angalia vichwa vya bolti, vikiwa vimechakaa au kila kimoja cha aina yake ujue imeshafunguliwa sana. Piga magoti uchungulie chini ya injini na tochi ya simu uone kama kuna bakuli la supu. Halafu mwambie afungue feringi ya kushoto uone injini, spana nenda nazo mwenyewe, asije akasema hana. Akianza kuleta maneno, mara ooh itachukua muda, mara fundi wake kasafiri, muage vizuri urudi kwa binamu.