Maswali ya Wasomaji: Kuvuka Nyika Huku Kazi Ikiendelea

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tunaishi Rau, Moshi. Yeye ni mtengenezaji wa programu za kompyuta. Ameajiriwa na kampuni ya Nairobi lakini kazi zake zote anazifanyia nyumbani. Mimi ni mhasibu wa kampuni ndogo ya kupokea watalii hapa mjini, na mwajiri wangu amekubali nifanye kazi kwa mtandao mradi vitabu vifungwe kila mwisho wa mwezi. Kaka yangu anayeishi Adelaide, Australia, ametualika Desemba ijayo na yuko tayari kutuazima Prado yake ili tuvuke nchi ile kutoka kusini hadi Darwin kaskazini kwa majuma matatu. Kwa kuwa siku zetu za likizo ni chache, tumepanga kuendelea na kazi njiani. Mume wangu anashikilia kwamba mmoja ataendesha na mwingine atafanya kazi kwenye kiti cha abiria, kisha tubadilishane. Mimi hata safari ya Tanga, nikisoma ujumbe kwenye simu, hushikwa na kichefuchefu kabla hatujafika Same. Je, mpango huu unawezekana, au tunajidanganya? — Mama Neema, Moshi.

JIBU: Mama Neema, safari yenu inawezekana, lakini si Desemba, na si kwa kufanyia kazi ndani ya gari linalotembea.

Nianze na mwezi, kwa maana mkikosea mwezi, mengine yote hayatawafaa. Desemba ni majira ya joto huko. Katika mji wa Coober Pedy, ambako wachimbaji wa opali, aina ya kito cha thamani, wamejichimbia nyumba chini ya ardhi ili kulikimbia jua, joto hupita nyuzi 40 mara kwa mara, na upande wa kaskazini, kuanzia Katherine hadi Darwin, msimu wa mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, mito ikafurika na barabara zikafungwa. Miezi ya kusafiri nyikani ni Mei hadi Septemba. Najua utanijibu kwamba kuanzia Juni watalii wa mlima wanamiminika Moshi na mhasibu hapati nafasi ya kuinua kichwa. Basi nendeni Mei: huku masika hayajaisha, wapanda mlima ni wachache na ofisi yenu imetulia, na kule joto limeshuka na njia zimekauka. Fungeni vitabu vya Aprili, pandeni ndege, na muwe mmeshafika Darwin kabla vya Mei havijaanza kukudai. Isitoshe, kwa watu wa Kilimanjaro kuwa Australia wakati ukoo mzima unapanda Kibosho na Machame kwa Krismasi ni kesi ambayo wakwe hawataisahau upesi, na sioni kwa nini mjitafutie.

Sasa saa, ambayo ndiyo siri ya safari yenu yote. Mwezi Mei, Adelaide na Darwin zote ziko mbele ya Moshi kwa saa sita na nusu. Moshi ikiwa saa mbili asubuhi, wakati mwajiri wako anafungua ofisi, ninyi mtakuwa saa nane na nusu mchana. Kikao cha mumeo na wenzake wa Nairobi cha saa tatu asubuhi kitamkuta saa tisa na nusu mchana. Na Moshi wakifunga ofisi saa kumi jioni, kwenu ni saa nne na nusu usiku. Maana yake ni kwamba asubuhi nzima ni yenu na hakuna atakayewapigia simu. Ondokeni jua likishachomoza, yapata saa moja, endesheni saa tano au sita pamoja na mapumziko, na mfike mnakolala saa saba mchana. Ratiba hii inawaepusha pia na hatari kubwa ya barabara ile, kwani kangaruu, ng'ombe na hata ngamia wasio na mwenyewe huingia barabarani zaidi alfajiri, jioni na usiku. Wenyeji wengi hawaendeshi nje ya mji baada ya jua kuzama, na kampuni nyingi za kukodisha magari hukataza jambo hilo katika mikataba yao. Gari lenu ni la kuazima, lakini mwombe kaka yako akusomee masharti ya bima yake kabla hamjaondoka.

Kuhusu kiti cha abiria, niko upande wako, na kichefuchefu ni sababu ndogo tu. Barabara yenu ni Stuart Highway, inayoanzia Port Augusta, kilomita 310 hivi kutoka Adelaide, na kwenda hadi Darwin. Kutoka Adelaide hadi Darwin moja kwa moja, bila kuchepuka, ni kama kilomita 3,000. Yote ni lami tangu 1987. Mtandao wa simu upo katika miji na karibu na vituo vya mafuta, na kampuni ya Telstra ndiyo yenye minara iliyoenea zaidi maeneo hayo, hivyo nunueni laini yake hata kama nyingine ni nafuu. Lakini ukishaliacha jiji dogo nyuma yako, alama za mtandao hupungua, hutoweka, na unaweza kwenda saa mbili bila kuziona tena. Mhasibu aliyeko katikati ya malipo wakati mnara unapotea atafanya makosa ambayo yatamgharimu siku mbili kuyasahihisha. Zaidi ya hayo, dereva wa barabara iliyonyooka kiasi kile husinzia, naye anahitaji mtu wa kuzungumza naye na jicho la pili la kutazama wanyama. Abiria aliyezama kwenye kompyuta ni sawa na abiria aliyelala. Mwambie mumeo kwa upole kwamba asubuhi wote wawili mko kazini, na kazi yenyewe ni kuendesha.

Kuna jambo linalonifurahisha kila ninapoitazama ramani ya njia hiyo. Mji wa Alice Springs ulioko katikati, takribani kilomita 1,500 kutoka Adelaide na karibu kiasi hicho hicho kutoka Darwin, ulianza kama kituo cha simu ya maandishi, wakati waya wa telegrafu ulipotandazwa kutoka Port Augusta hadi Darwin na kukamilika 1872, ukiungana na waya wa chini ya bahari uliotoka Java. Watumishi wa vituo hivyo walikaa peke yao nyikani, wakipokea na kupeleka habari za watu walio mbali. Kazi ya mume wako si ngeni huko.

Mgawanyo wa siku naupendekeza hivi. Port Augusta hadi Coober Pedy ni kilomita 540, na Tennant Creek hadi Katherine ni kama 670. Vipande hivyo viwili viwekeni Jumamosi au Jumapili, siku ambayo hakuna anayewasubiri. Vilivyobaki vinatosha asubuhi moja moja: Coober Pedy hadi Erldunda kama 490, Erldunda hadi Yulara karibu na mwamba wa Uluru kama 245, Yulara hadi Alice Springs kama 450, Alice Springs hadi Tennant Creek kama 510, na Katherine hadi Darwin kama 320. Hizo ni siku nane za barabara, pamoja na ile ya kutoka Adelaide, kati ya 21 mlizonazo. Msiongeze njia nyingine kwa tamaa. Kaeni siku nne au tano Alice Springs, mji wenye maduka, hospitali na intaneti ya uhakika, na kazi nzito zote zipangieni hapo.

Mafuta ni jambo la kuheshimu. Kati ya Glendambo na Coober Pedy kuna kilomita zipatazo 250 zisizo na kituo hata kimoja. Ni kama kutoka Arusha kupita Babati na kuendelea mbele bila kukuta pampu. Prado itafika bila shida ikiwa imejazwa, kwa hiyo kanuni yenu iwe kujaza kila mnapokuta kituo, hata kama bei ya huko ndani inaumiza. Bebeni lita 20 za maji ya akiba zisizoguswa, tairi la akiba lililokaguliwa upepo, na jeki ambayo ninyi wenyewe mmeshaijaribu uani kwa kaka yako. Gari likiharibika, msiliache na kutembea kwa miguu kutafuta msaada: gari huonekana kwa mbali na lina kivuli, ilhali mtu akipotea katika nyika ile hupatikana kwa taabu. Mtakutana pia na malori yanayovuta trela tatu au nne, yenye urefu unaofikia mita 53.5. Mkitaka kulipita mojawapo, hakikisheni mbele kuna zaidi ya kilomita moja iliyo wazi, na kama kaka yako ana redio ya mawasiliano garini, ifungueni chaneli ya 40 ambayo madereva wa malori huitumia. Hawana ukali, mkiwasalimu watawaeleza kilichoko mbele. Kuendesha kwenyewe hakutawasumbua, kwani wao pia hupita kushoto.

Yapo mambo mawili ya kazi ambayo watu huyasahau. La kwanza, benki na mifumo mingi ya malipo ya hapa kwetu hutuma namba za siri kwa ujumbe mfupi kwenye laini ya Tanzania. Usipoiwezesha laini yako kupokea ujumbe ughaibuni kabla ya kuondoka, utakuwa na kompyuta, umeme na mtandao, na bado usiweze kulipa hata ankara moja. La pili ni chumba. Ninyi wawili mtafanya kazi saa zile zile katika chumba kimoja cha kulala wageni, mmoja akizungumza kwenye kikao na mwingine akihesabu. Kubalianeni mapema ni nani anatoka nje na kiti wakati wa vikao, na si vizuri awe mke kila siku. Mumeo anaweza kuandika programu zake bila mtandao na kuzipeleka kwa wenzake baadaye, kwa hiyo mtandao ukiwa hafifu, wewe mwenye miamala ndiye wa kupewa nafasi ya kwanza. Bebeni pia adapta, maana soketi za huko hazipokei plagi zetu.

Nimeacha viza mwisho ingawa ndiyo inayoweza kuzuia yote. Viza ya matembezi ya Australia, daraja la 600, huweza kutolewa pamoja na sharti namba 8101 linalokataza kufanya kazi ukiwa nchini humo. Mkijaza maombi, elezeni bayana kwamba waajiri wenu wako Nairobi na Moshi na kwamba mnakusudia kuendelea na kazi zao kwa mtandao, mkaombe jibu la maandishi kabla ya kununua tiketi. Tanzania huhudumiwa na Ubalozi wa Australia ulioko Nairobi. Wapo watakaowashauri mnyamaze. Mimi siwashauri hivyo, kwa sababu swali hilo hilo mnaweza kuulizwa uwanja wa ndege mkiwa na kompyuta mbili mkobani.

Mkifika Uluru mtaona mwamba wenye kimo cha mita 348, na mtu wa Moshi atasema huo ni wa kupanda kabla ya chai. Haupandwi. Waanangu, ambao ni wenyeji wa mahali pale na wanauheshimu kama eneo takatifu, walirudishiwa ardhi hiyo 1985, na kupanda kulipigwa marufuku kuanzia Oktoba 26, 2019. Zungukeni chini yake kwa miguu, na mchukue masweta kama ya Marangu, kwa sababu usiku wa nyika katika miezi hiyo una baridi ambayo ndugu zenu hawatawaamini mkiwasimulia.

SWALI: Mhariri, sisi hatuna ndugu Australia. Mimi na mke wangu tunafanya kazi za kutafsiri kwa mtandao tukiwa Sakina, Arusha, na Agosti tunataka kwenda Katavi kwa RAV4 yetu huku tukifanya kazi. Je, inawezekana? — Msomaji, Arusha.

JIBU: Ndugu yangu, inawezekana, na mwezi mmeuchagua vizuri, kwa kuwa Agosti mto Katuma umepungua na viboko wa Katavi wanabanana katika madimbwi yaliyosalia. Tofauti yenu na Mama Neema ni saa. Hapa asubuhi ya barabara na asubuhi ya kazi ni moja, hamna saa sita na nusu za kujificha, na kwa hiyo msijaribu kuendesha na kutafsiri siku moja. Endesheni mwisho wa juma tu. Jumamosi ya kwanza nendeni Arusha hadi Singida kwa njia ya Babati na Katesh, mkiutazama mlima Hanang, Jumapili mfike Tabora kupitia Nzega, kisha mkae Tabora juma zima mkifanya kazi kama mlioko nyumbani. Jumamosi inayofuata endeleeni hadi Mpanda, kilomita kama 350 za lami. Baada ya Sikonge ni misitu ya miombo na mtandao hukatika kwa muda mrefu, hivyo wajulisheni wateja siku moja kabla. Bebeni laini za kampuni mbili tofauti, maana mnara unaokosekana kwa moja mara nyingi unapatikana kwa nyingine. Vijijini mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki wa njia ile wanaijua kazi yao.

Mkiingia hifadhini, funga vioo. Mbung'o hufuata gari linalotembea, nao hupenda rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo nguo za rangi hizo ziacheni Sakina.